Freti ya Kumi na Saba

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimerudi kutoka mazoezini nikiwa na hasira ya kutosha kuandikia magazeti matatu. Naanza na daftari hili kwa sababu halina mhariri wa kunikata.

Bendi yetu, Jiwe Jazz, imealikwa studio tarehe 14 Desemba kurekodi upya "Barua ya Nansio". Mkanda wa zamani umeharibiwa na unyevu. Wimbo huu aliutunga marehemu Yeremia, mwanzilishi wa bendi na mume wa Mama Odeta, anayeuimba mpaka leo akiwa na miaka sitini na minane. Solo aliipiga Yeremia mwenyewe, na katika ubeti wa mwisho solo hiyo hupanda mpaka freti ya kumi na saba, yaani kijichuma cha kumi na saba kwenye shingo ya gita. Tangu afariki, mwaka wa tisa sasa, mpiga solo ni mimi. Na mimi kumi na saba sifiki. Nafika kumi na nne. Hapo kiganja kinagonga kisigino cha gita, yaani ule mti mnene unaoshikiza shingo kwenye tumbo, na safari inaishia hapo. Miaka yote hiyo kipande kile nimekipigia chini, kwa sauti nzito, na watu wamecheza bila kulalamika.

Leo Mama Odeta kashusha maikrofoni.

"Leonsia mwanangu, pale Yeremia alikuwa analia. Wewe unanong'ona."

"Mama, gita halinipi nafasi."

"Yeye alikuwa na gita gani? La mbinguni?"

Alikuwa na mikono mirefu kama nguzo za umeme, hicho ndicho alichokuwa nacho.

Projest, kiongozi wetu, mpiga besi na mstaafu wa benki, akakohoa kile kikohozi chake cha kufungulia vikao. "Basi tuelewane. Mwisho wa Novemba, kama kumi na saba haijapatikana, solo anachukua Jonathan. Wewe unashika ridhimu yake."

Jonathan! Huyo nilimfundisha Historia kidato cha pili, akalala kuanzia Mkutano wa Berlin mpaka uhuru.

Jumapili, 6 Oktoba

Misa ya kwanza. Mahubiri yamenipita, nilikuwa nauangalia mkono wa mpiga gita wa kwaya. Naye hapandi zaidi ya kumi na mbili. Hakuna anayemuuliza.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemaliza kusahihisha madaftari ya kidato cha tatu, sasa niseme.

Gita langu lina freti ishirini. Nimezihesabu mbele ya mume wangu Josephat ili awe shahidi. Kumi na nne zinafikika, sita ni mapambo. Fundi akikuuzia ngazi yenye vipandio ishirini, halafu sita vya juu akavizungushia bati, utamrudishia siku hiyo hiyo na majirani watasikia. Gita tunalinunua, tunalifuta vumbi, tunalishonea mfuko.

Nimesoma vitabu viwili vya ufundi wa magita na makala nisizoweza kuzihesabu. Wote wanajisifu kwa ule mkato wa ubavuni, ile sehemu ya tumbo iliyobonyezwa ndani ili mkono upite kwenda juu. Uongo wa adabu. Mkato unaufungulia mkono mlango wa mbele, lakini nyuma kisigino kimekaa palepale, mnene kama ngumi, na dole gumba halina pa kupita. Kidole kinafika, gumba limebaki, kifundo kimepinda, maumivu yanapanda mpaka kiwiko. Halafu mwanamume mwenye shubiri ya sentimita ishirini na nne anakwambia ufanye mazoezi zaidi. Shubiri yangu ni kumi na nane. Nani alipimwa siku walipoamua kwamba hii ndiyo saizi ya binadamu? Sikualikwa. Mama yangu hakualikwa. Nusu ya dunia haikualikwa, na mpaka leo inaambiwa haina kipaji.

Nimemsomea Josephat haya yote. Yeye ni mpimaji wa ardhi, husikiliza kama anayesubiri mwenzake asimamishe kigingi.

"Kwa hiyo, Mama Kokulinda, gita limekukosea."

"Limekosea wengi. Mimi ndiye ninayesema."

"Na aliyeliunda anajua?"

"Atajua."

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimevuka kwa kivuko kwenda Kamanga kumwona Mzee Machibya. Anaunda mitumbwi ya mbao, na katikati ya mitumbwi anaunda magita. Nusu ya bendi za kanda hii zimepitia mikononi mwake. Nilikuwa nimeandika maelezo ya gita ninalolitaka, kurasa tisa, na michoro.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, kaa hapo, hiyo mbao haina msumari."

Akausoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, karatasi kaishika mbali na macho.

"Hii ni barua au ni kesi?"

"Ni maelezo, mzee. Kisigino kiondoke. Hilo ndilo kubwa."

"Kiondoke kiende wapi?"

Nikaanza kumweleza. Hakunisikiliza. Kachukua uzi wa kushonea nyavu, kaushika mkono wangu wa kushoto kama muuguzi, kapima toka kidole cha mwisho mpaka gumba, kafunga fundo. Kapima tena kifundo, fundo la pili. Kauweka uzi mfukoni.

"Basi. Nimeshapata ninachohitaji."

Kurasa tisa, naye anaondoka na uzi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua. Umeme hakuna. Kumi na nne.

Jumamosi, 26 Oktoba

Leo nimegombana na mtu mzima mbele ya vibarua wake, na sijui kama naona aibu au bado nina hasira. Acha niandike kwa mpangilio.

Gita lilikuwa limefikia nusu. Mti ni mninga, rangi nzuri, mkato wa ubavuni umechongwa kwa huruma kabisa. Nikaligeuza. Kisigino palepale, mnene kama cha kiwandani.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Kisigino."

"Nilikuandikia ukurasa wa nne kwamba..."

"Ukurasa wa nne nimeukata kuwa kigezo cha kiuno cha gita. Una karatasi nzuri mwalimu, ngumu."

Vibarua wakacheka. Nikamwuliza kama amesoma hata mstari mmoja. Akaniambia amesoma, na kwamba mambo niliyoandika ni ya mtu ambaye hajawahi kuunganisha mbao mbili.

"Nyuzi sita zinavuta kama wavuvi wanaovuta nyavu za kokoro," akasema. "Tofauti ni kwamba wavuta kokoro wanakwenda kula, nyuzi hazilali. Pale shingo inapokutana na tumbo ndipo pote panavutwa. Nikipunguza nyama hapo, kabla mvua hazijaisha shingo itakuwa imenyanyuka, na nyuzi zitakaa juu kama kamba ya kuanikia nguo. Utakuja kunilaumu kwa kurasa nyingine tisa."

Hoja ilikuwa nzuri, na ndiyo maana nikakasirika. Nikamwambia kwamba hilo ndilo wanalosema mafundi wa dunia nzima, kwamba anatetea uvivu kwa kusingizia mti, kwamba kama babu zake wangefikiri hivyo watu wangekuwa bado wanalivuka ziwa kwa magogo. Hilo la babu ndilo nililopaswa kuliacha.

Kaokota tezo lake, karudi kwenye mtumbwi. Nilipofika njiani nikamsikia nyuma yangu:

"Rudi baada ya wiki tatu. Na usiandike!"

Jumatano, 30 Oktoba

Josephat amenishauri nimwombe radhi Machibya. Nimemshauri Josephat asahihishe madaftari ya kidato cha tatu.

Jumamosi, 9 Novemba

Mazoezi. Sasa nina lalamiko jipya, nalo ni Mama Odeta.

Tumeupiga wimbo mara tatu na mara zote tatu kaukatiza kabla ya ubeti wa mwisho. Mara ya kwanza alitaka maji. Mara ya pili eti besi ya Projest imezidi. Mara ya tatu eti kibanio cha Jonathan kimelegea. Jonathan anabana shingo ya gita lake kwa penseli iliyofungwa na kipande cha mpira wa baiskeli, freti ya tano, ili apige kwa ufunguo ule ule wa C ambao Yeremia aliuchagua wakati Mama Odeta ni msichana. Penseli ile haijawahi kulegea.

"Iko sawa, mama, angalia," Jonathan akasema.

"Mimi nina masikio, wewe una penseli. Tuishie hapa leo."

Naelewa vizuri anachokifanya. Anangoja. Hataki ubeti ule upigwe kwa freti ya kumi na nne, hata mazoezini, hata mara moja, kumbukumbu ya mumewe isichafuliwe. Kuna wajane wanaorithi nyumba; huyu karithi wimbo, na sisi wengine ni wapangaji. Miaka tisa nimembebea solo mgongoni, sijapata kusikia "asante, Leonsia". Nasikia "Yeremia alikuwa". Nimeshika kalamu hapa nikitafuta neno la heshima la kueleza ukatili wa namna hii, nimelikosa.

Jumatatu, 11 Novemba

Wadudu wa ziwani wamefunika ukuta mzima wa shule kama masizi. Mkuu wa shule kafunga madirisha, tumefundisha gizani.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimefika. Nimefika!

Machibya alinipokea bila kusalimia vizuri, na nilistahili. Kanipeleka kwenye mtumbwi uliogeuzwa chini juu.

"Mwalimu, onyesha kisigino cha mtumbwi."

"Sikijui."

"Hukijui kwa sababu hauna. Una mkuku." Akaupigapiga ule mti mmoja mrefu unaokwenda toka mbele mpaka nyuma chini ya chombo. "Mbao za ubavuni zinaushika huu. Mawimbi yanavuta, huu unavutwa wote kwa pamoja. Hakuna mahali pamoja panapoumia."

Kisha akalitoa gita kwenye gunia. Lile la kwanza alikuwa amelitupa. Hili shingo yake haikuishia kwenye tumbo. Mti ule ule mmoja wa mninga ulipita toka kichwani, katikati ya tumbo, mpaka mwisho kabisa, na mbavu zimegundishwa huku na huku. Hakuna kiungo, kwa hiyo hakuna cha kushikiza, kwa hiyo hakuna kisigino. Nyuma pake ni laini toka mwanzo hadi mwisho. Nikateleza. Kumi na nne, kumi na tano, gumba likanifuata kama mtoto. Kumi na saba. Nikaenda mpaka ishirini kwa ubishi tu.

Ni zito, na linaegemea upande wa kichwa. Kati ya kurasa zangu tisa hakuna hata moja iliyofikiria mkuku. Hilo nalo linaniuma.

"Mzee, kuhusu uvivu, nilikosea. Na kuhusu babu."

"Babu alikuwa mfugaji wa Magu, hata kuogelea alikuwa hajui." Akanifutia mavumbi ya mbao begani. "Ukurasa wa nne lakini ulikuwa na akili."

Jumapili, 17 Novemba

Freti ishirini. Josephat kazihesabu tena, leo bila kuombwa.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimepanda mbele yao wote. Jonathan kaacha kupiga, kabaki na mdomo wazi. "Madamu, hapo umeua." Projest kasema "Vizuri," neno ambalo kwa Projest ni hotuba. Solo ni yangu.

Na Mama Odeta? Ubeti wa mwisho hakuuimba. Kauguna kwa midomo iliyofungwa, kanigeuzia mgongo nilipokuwa juu, akamaliza kwa kusema anaitunza sauti kwa ajili ya studio. Nimetoa jasho miezi miwili kwa alichokidai yeye, na siku ninapokileta ananuna. Nitasema wazi: ana wivu na mkono wangu. Alitaka niendelee kushindwa ili Yeremia aendelee kuwa peke yake kule juu.

Jumatano, 4 Desemba

Naandika polepole.

Leo baada ya vipindi nimepanda Mabatini kumpelekea Mama Odeta senene, wale panzi wa kuliwa. Shemeji yangu alileta ndoo nzima kutoka Bukoba. Nia yangu haikuwa njema sana. Nilitaka tuzungumze, nimwambie usoni kwamba nimechoka kushindanishwa na marehemu. Nilikuwa nimeshazipanga hoja zangu, tatu na moja ya akiba.

Nyumba yake iko kati ya majabali, ngazi zinazunguka nyuma, mtu wa ndani hakuoni unapokuja. Nilipofika chini ya dirisha la jikoni nikasikia anaimba. Ubeti wa mwisho. Sauti ilikuja vizuri, ikapanda, na ilipofika pale juu kabisa haikuwepo. Si kwamba ilipotea kidogo au ilikwaruza. Ulitoka upepo mtupu. Akanyamaza. Akaanza tena toka mwanzo wa ubeti. Upepo. Akaanza tena. Mara ya nne akaupunguzia mdomo, akajaribu kwa ujanja, kwa kupitia pembeni, kama mtu anayejaribu mlango uliobana kwa bega. Upepo. Halafu nikasikia anaosha vyombo kwa nguvu sana.

Nilisimama pale na mfuko wa senene mpaka vyombo vikaisha. Kisha nikashuka ngazi kumi, nikapanda tena nikikohoa.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, karibu mwanangu. Umenikuta nafukuza kuku, nimepiga kelele mpaka nimekauka."

Hana kuku.

Tukanywa chai. Akawakaanga senene, akaniuliza habari za binti yangu Kokulinda chuoni. Kila nilipofungua mdomo akanijazia kikombe.

Maji, besi, penseli, kuitunza sauti. Niliyasikia yote na nikayatafsiri yote kuwa ni juu yangu. Nimesoma vitabu viwili vya magita, nimepima gumba, nimemtukana mzee wa watu na babu yake, na kwa wiki tisa nimesimama mita mbili kutoka kwa mwimbaji bila kumsikiliza hata mara moja. Ufunguo ule ulikatwa kwa koo la msichana. Sisi tumeuweka kama sanduku la kanisa, na yeye kila Jumamosi anatafuta sababu ya kutokulifungua.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimemvuta Projest kando.

"Tushushe wimbo. Toka C hadi A. Freti tatu."

"Wimbo wa Yeremia uko C. Ukishushwa si wenyewe."

"Mama Odeta hafiki pale juu."

"Nani kasema?"

"Masikio yangu. Na yako pia, Projest, usinifanyie sura ya benki."

Akaitazama mikono yake. Kumbe alijua. Alijua tangu mwaka jana. Ndiyo maana besi yake huzidi pale: anamfunika.

"Basi mwambie wewe," akasema. "Wewe unayeandikia mawaziri."

Nimemshambulia mkuu wa wilaya kwa jina lake gazetini. Kumwambia mwanamke wa miaka sitini na minane kwamba sauti aliyochumbiwa nayo imekwisha, hilo siliwezi. Hakuna anayeliweza, na kila mmoja wetu alijua mwenzake haliwezi.

"Na kitu kingine," Projest akasema. "Kumi na saba ukitoa tatu?"

"Najua."

"Inabaki kumi na nne. Lile gita lako la zamani lingetosha."

"Nimesema najua!"

Nimeondoka bila kuaga. Nimelifikiria kila upande: nibaki juu peke yangu wakati wimbo umeshuka? Nota ile haiendani tena na sauti ya mwimbaji, itasikika kama mtu aliyekosea nyumba. Kumi na saba ama iko kwa wote, ama haipo.

Jumatano, 11 Desemba

Sijaamua. Mvua tangu asubuhi. Nimelipiga gita peke yangu chumbani, juu kabisa, mpaka Josephat akafunga mlango taratibu.

Jumamosi, 14 Desemba

Studio ni chumba kimoja kule Ilemela, kuta zimebandikwa magodoro. Fundi mitambo ni kijana mpole mwenye kofia ya sufu.

Mara ya kwanza, kwa C. Mama Odeta kaimba beti mbili vizuri mno, na kabla ya wa mwisho kaomba maji. Mara ya pili vifaa vya masikioni vinambana. Mara ya tatu kafika mlangoni mwa nota ile, kafumba macho, kakohoa.

"Hakuna shida, mama," fundi akasema. "Ni pale mwisho tu. Tukipita hapo mara moja, tumemaliza."

"Nitapita. Vumbi tu hili." Akatoka nje kupata hewa. Nilimwona dirishani, ameshika koo lake kwa vidole viwili kama anayejipima homa.

Nikasema: "Jonathan, shusha penseli. Freti ya pili."

Jonathan akamtazama Projest. Projest akaitazama besi yake muda mrefu, akaiwekea kidole mahali papya. "A," akasema.

"Na atakayemwambia," nikasema, "nitamwandika gazetini, majina yote matatu."

Wimbo huanza na gita langu, na mwimbaji huchukua sauti kutoka kwangu. Mama Odeta akaingia, akajiweka sawa, nikaanza kule chini. Aliinua uso kidogo tu. Kisha akaimba. Ubeti wa kwanza, wa pili, na kwenye wa mwisho Projest akaipunguza besi mpaka ikawa kama haipo, akamwacha wazi. Sauti ikapanda, ikafika, ikakaa pale juu kadiri alivyotaka yeye. Nilimjibu nikiwa freti ya kumi na nne, kiganja kimesimama palepale kilipokuwa kikisimama miaka tisa. Mbele ya vidole vyangu zilibaki freti sita safi, hazina hata alama ya jasho.

Fundi akainua dole gumba. Mama Odeta alikuwa anacheka na kujifuta macho na upande wa khanga.

"Mnaona? Niliwaambia naitunza!"

Tukampigia makofi. Tukafunga vyombo. Mlangoni akanishika mkono wa koti.

"Lakini Leonsia, pale mwisho hukulia. Mazoezini ulipanda, leo umebaki chini. Nimekusikia."

Projest akaanza kuvifunga upya viatu vilivyokuwa vimefungwa. Jonathan alikuwa ananitazama kama anangoja bomu. Jibu nilikuwa nalo, lenye sababu, hesabu na ushahidi.

"Nimeshindwa kufika, mama."

"Na gita lote hilo jipya?"

"Na gita lote hili."

Akauchukua mkono wangu wa kushoto, akaviminya vidole kimoja kimoja, kwa huruma, mbele ya watu.

"Basi ni vidole, mwanangu. Umelisingizia gita la watu tangu Oktoba. Uwe unavinyoosha asubuhi, kabla ya chai. Yeremia alikuwa anafanya hivyo."

"Sawa, mama."

Nimemsindikiza mpaka Mabatini. Njia nzima amenieleza jinsi Yeremia alivyokuwa akivinyoosha vidole, na kila alipotulia kupumua, nimeitikia.